Jinsi ya kuhamia nyuzi nene kwenye gitaa la umeme bila kuharibu gitaa wala vidole

Siku ya kwanza mimi kuweka nyuzi nene nilitoa seti ya 9 nikarukia 12 moja kwa moja, gitaa lenyewe lina tremolo ya kuelea (briji, yani lile daraja linaloshika nyuzi kwenye mwili, haijafungwa, inashikiliwa na springi na unaitikisa kwa mkono wa chuma), saa tano usiku, na kesho yake natakiwa kupiga. Nilikuwa nadhani ni kama kubadilisha tairi, unatoa la zamani unafunga jipya unaondoka zako. Nikatyuni uzi wa sita, nikaenda wa tano, narudi wa sita umeshashuka, nakaza tena, sasa wa tano nao umeshuka, na muda wote huo briji inazidi kunyanyuka nyuma kama mtu anachungulia ukuta wa jirani. Saa nane usiku nikang'oa zote nikarudisha zile 9 zilizochakaa, nikapiga nazo hivyo hivyo.

Nilichokuwa sijui ni kwamba gitaa la umeme ni mzani. Nyuzi zinavuta upande mmoja, nondo ya ndani ya shingo na springi za tremolo zinavuta upande wa pili, na vyote vimewekwa vikasawazishana kwa seti ile ile uliyokuwa nayo. Ukiongeza unene umeongeza uzito upande mmoja tu wa mzani, kwa hiyo kufunga nyuzi ndo sehemu ndogo ya kazi, kazi yenyewe ni kusawazisha upya, na ina mpangilio wake, ukiuvuruga utarudia kitu kimoja mara tatu.

KWANZA JUA UNATAKA NINI

Zile namba, 9, 10, 11, ni unene, au geji, ya uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa, wa sita ndo mnene kabisa) kwa elfu za inchi. 10 maana yake inchi 0.010, yani milimita 0.25 hivi. Seti inatajwa kwa uzi mwembamba na mnene kabisa, ndo maana unasikia 9-42, 10-46, 11-49, 12-54. Halafu kuna zile za kuchanganya kama 10-52, juu nyembamba chini nene, hizo nitazirudia.

Sasa tofauti ya elfu moja ya inchi inaonekana si kitu lakini nguvu ya mvuto haifuati unene, inafuata unene mara unene. Uzi wa 11 ukiutyuni sauti ile ile ya 10 unavuta kwa asilimia 21 zaidi, na ukitoka 9 kwenda 11 ni karibu nusu nzima ya ziada. Kwenye gitaa la skeli (urefu wa uzi unaotikisika) ya inchi 25.5, lile umbo la Stratocaster, kwa tyuni ya kawaida ya E, seti ya 9-42 yote kwa pamoja inavuta shingo kama kilo 39, ya 10-46 kama kilo 47, ya 11-49 kama kilo 54. Yani ukitoka 9 kwenda 11 umening'iniza kilo 15 mpya kwenye kile kijiti cha mbao halafu unashangaa kwa nini kimepinda.

Skeli fupi ya inchi 24.75 kama ya Les Paul inapunguza mvuto kama asilimia 6, ndo maana 10 za kwenye Les Paul unazihisi laini kuliko 10 hizo hizo kwenye Strat, na kuna watu wengi wana magitaa mawili na wanaweka 10 kwenye lile refu na 11 kwenye fupi, mkono hausikii tofauti kubwa.

Sasa sababu. Kwa maoni yangu sababu nzuri kuliko zote ya kuweka nyuzi nene ni kushusha tyuni. Ukishusha nusu toni, kwenda E flati, mvuto unapungua asilimia 11 hivi, ukishusha toni nzima kwenda D unapungua karibu asilimia 21. Piga hesabu mwenyewe, seti ya 11 kwenye E flati inakuja karibu sawa na seti ya 10 kwenye E ya kawaida. Seti ya 12 kwenye D inaangukia katikati ya 10 na 11. Kumbe nyuzi nene kwa mtu anayeshusha tyuni si ugumu, ni kurudisha ule mkazo aliouzoea, maana 9 ukizishusha mpaka D zinakuwa kama tambi, unagusa tu sauti inakimbia.

Stevie Ray Vaughan ndo anayetajwa kila mara hili swali likija, kwamba alipiga geji 13 na wewe ukiweka 13 utasikika hivyo. Ni kweli alipenda nyuzi nene sana, lakini alikuwa ameshusha nusu toni, na vidole vilimchanika mpaka akawa anavigandisha na supaglu, usiige hiyo. Upande wa pili Billy Gibbons wa ZZ Top anapiga 7, na hakuna aliyewahi kumlalamikia kwamba sauti yake nyembamba. Tony Iommi wa Black Sabbath alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, akalazimika kutumia nyuzi nyembamba na baadaye kushusha tyuni ili zilegee, na huyo huyo ndo watu wanamwita baba wa hevi metali. Kwa hiyo mtu akikwambia uzito wa sauti unatoka kwenye unene wa uzi peke yake, mwambie apunguze gaini (kile kitufe cha ampu cha kukoromesha sauti) kwanza ndo muongee.

Sababu ya pili nzuri ni mkono mzito. Kama we ni mtu wa rizimu, unapiga kwa nguvu mpaka kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zinatoka kali kidogo juu ya tyuni, uzi mnene hauyumbi sana ukiupiga na hausukumwi kirahisi na vidole vyako, unatulia. Sababu ya tatu, slaidi, yani kupiga kwa kutelezesha kichupa juu ya nyuzi, uzi mnene unabeba kile kichupa bila kugonga freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo). Kama huna hata moja kati ya hizo na unapiga solo za kuvuta nyuzi usiku kucha kwenye tyuni ya kawaida, bado unaweza kujaribu ila panda ngazi moja tu, 9 kwenda 10 au 10 kwenda 11, usifanye nilivyofanya mimi.

Na yule anayeshusha uzi wa sita peke yake kwenda D, huyo asihangaike na seti nzima, achukue 10-52, chini patatulia na juu ataendelea kuvuta kama kawaida.

Oneni hii pia kabla hatujaendelea: haya yote ni ya gitaa la umeme. Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni usije ukalifunga nyuzi za chuma za aina yoyote, hata nyembamba, daraja litang'oka.

VITU VYA KUWA NAVYO MEZANI

Tyuna, bisibisi ya nyota na ya bapa, alenki zilizokuja na gitaa (hii ya nondo hakikisha inaingia sawasawa, inayopwaya itakula kichwa cha nondo na hapo umeumia kweli), rula ya chuma yenye nusu milimita, koleo la kukatia, kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo), penseli ya kawaida, na msasa laini. Fila geji ya mafundi magari (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ikiwepo ni raha, isipokuwepo nitakupa njia nyingine. Na tafuta kipande cha uzi wa kwanza uliowahi kuutoa siku za nyuma, ukikosa, ule utakaoutoa leo usiutupe, utautumia hatua ya 6.

HATUA YA 1: PIMA KABLA HUJAGUSA KITU

Gitaa likiwa bado na nyuzi za zamani na limetyuniwa, pima na uandike. Kimo cha uzi wa sita na wa kwanza juu ya freti ya 12. Upinde wa shingo. Na kama una tremolo, briji imekaaje, imelala kwenye mwili, imenyanyuka kiasi gani nyuma. Hii inachukua dakika tano na ndo hatua ambayo kila mtu anairuka, halafu baadaye anauliza "hivi lilikuwaje kwani". Piga na picha kwa simu.

Upinde unapimwa hivi, kapo freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, sasa uzi umekuwa rula, angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unataka kama milimita 0.2 mpaka 0.3. Na hapa ndo yule uzi wa zamani anaingia kazini: uzi wa 10 una milimita 0.25, kwa hiyo kipande chake ni fila geji ya bure, kikipita kwenye ile nafasi kwa kugusa kidogo tu uko sawa, kikipita hewani upinde umezidi, kisipopita shingo imenyooka sana au imepinda kinyume.

HATUA YA 2: KAMA UNA TREMOLO YA KUELEA, IKAMATE

Asiye na tremolo aruke hapa, na kusema ukweli anayetaka kubadilisha geji kila mwezi ningemshauri awe na gitaa lenye briji isiyocheza.

Fungua kifuniko cha nyuma. Utaona kile chuma kizito kinachoshuka kutoka kwenye briji, na springi zake tatu au zaidi zinazokwenda mpaka kwenye bamba lenye skrubu mbili upande wa shingo. Nyuzi zikizidi nguvu kile chuma kinasukumwa kwenda nyuma, kuelekea tako la gitaa. Kwa hiyo wakati briji bado iko pale unapoipenda, jaza ile nafasi ya nyuma ya chuma, upande wa tako na siyo upande wa springi, kwa kipande cha mbao au kadi ngumu zilizopangwa mpaka zienee bila kusukuma, halafu zibandike na selotepu maana ukitoa nyuzi zitalegea na kudondoka. Faida yake utaiona hatua ya 5. Wengi wanaweka upande usio sahihi, pale kati ya chuma na springi, hiyo inafaa ukishuka kwenda nyuzi nyembamba, ukipanda haikusaidii chochote.

HATUA YA 3: TOA ZA ZAMANI, ANGALIA NATI

Legeza kwanza ndo ukate, usikate uzi ukiwa umekaza, unaruka usoni. Magitaa yenye briji ya aina ya Les Paul, ukitoa nyuzi zote briji na ile teilipisi (kile chuma cha nyuma yake kinachoshika mikia ya nyuzi) vinaweza kudondoka tu mezani, usishtuke, ila kumbuka zilikuwa zimeelekea wapi. Shingo kukaa bila nyuzi nusu saa haina shida, tumia muda huo kufuta ubao wa freti maana hupati nafasi hiyo kila siku.

Sasa nati, kile kipande cheupe au cheusi kule juu chenye mifereji sita. Chukua uzi mpya wa sita ulaze kwenye mfereji wake kwa mkono, bila kuukaza. Unatakiwa kuzama mpaka chini na kuteleza mbele na nyuma bila kung'ang'ania. Ukitoka 10 kwenda 11 mara nyingi unaingia bila shida. Ukitoka 9 kwenda 11 uzi wa sita umetoka 42 kwenda 49, na mara nyingi hapo unakaa juu ya mfereji au unabanwa. Dalili ya kubanwa utaisikia wakati wa kutyuni, unakaza hakuna kitu, unakaza hakuna kitu, mara "ting!" sauti inaruka juu. Watu wengi wanalaumu vigingi kwa hiyo, wananunua vingine vya bei, na tatizo lilikuwa nati muda wote.

Kupanua mfereji kuna faili zake maalumu, kila unene na faili yake, na kama unalipenda sana hilo gitaa mpelekee fundi hiki kipande kimoja. Ukifanya mwenyewe, njia ya wasio na faili ni kuchukua kipande cha uzi wa zamani wenye waya wa kuzungushwa, mwembamba kidogo kuliko ule unaotaka kuweka, uuvishe msasa laini uliokatwa mwembamba, upitishe kama msumeno mara chache tu halafu ujaribu uzi. Mara chache tu nimesema. Panua pembeni, usichimbe chini, ukichimba chini uzi utagonga freti ya kwanza ukipigwa wazi na hapo dawa ni kujaza au kubadilisha nati nzima. Na uweke mteremko kidogo kuelekea kichwa cha gitaa, ili uzi uachie pale pale kwenye ukingo wa mbele. Nafasi ya ziada ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, huwezi kuiona kwa macho, unaihisi kwa kuteleza.

Ukimaliza, chonga penseli, sugua ile risasi ndani ya mifereji yote. Grafaiti ni kilainishi kizuri.

Wenye nati ya kufunga na skrubu, kama ya Floyd Rose, ninyi hamna kesi hapa, nati yenu inabana tu.

HATUA YA 4: FUNGA

Uzi mnene ukienda 56 na kuendelea hakikisha kwanza unaingia kwenye tundu la kigingi, vigingi vingine tundu lake dogo. Kwa nyuzi nene zungusha mara mbili inatosha, zikishuka chini ya kigingi bila kupandana. Kabla ya kukata mkia, kunja uzi pale kwenye kigingi kwanza ndo ukate, maana baadhi ya nyuzi za kuzungushwa zina kiini cha mviringo na ukizikata bila kukunja ule waya wa nje unalegea, uzi unakufa kabla haujapigwa.

Tyuni juu juu tu kwanza, nyuzi zote ziwe chini ya sauti yake kwa toni nzima hivi, halafu pandisha kwa mzunguko, sita, moja, tano, mbili, nne, tatu, ili shingo isipokee mzigo wa upande mmoja. Hapo vuta kila uzi kwa mkono juu kidogo katikati ya shingo, utyuni tena, uvute tena. Ukiruka huu uvutaji utalaumu kila kitu kwa siku tatu.

Na tafadhali sana, tyuni kwenye ile sauti UTAKAYOPIGIA. Kama utapigia D usisetie gitaa kwenye E halafu ushushe, umebadilisha mzani tena na kazi yote imepotea.

HATUA YA 5: RUDISHA BRIJI

Kwa wale wa tremolo, nyuzi zikifika kwenye sauti yake utakuta chuma kimebana kile kipande cha mbao kwa nguvu, hakitoki. Sasa kaza zile skrubu mbili za bamba la springi, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka mbao ianze kulegea na kutoka yenyewe kwa kuvutwa na vidole. Ikitoka hivyo, springi na nyuzi zimekuwa sawa na briji imebaki pale pale ilipokuwa. Basi, imeisha. Kile kilichonitoa jasho usiku mzima ni dakika kumi.

Skrubu zikifika karibu na mwisho na mbao haijalegea, ongeza springi. Zilikuwa 3 weka 4, na kwa 12 kwenye tyuni ya kawaida hata 5. Jua tu kwamba springi nyingi zinafanya mkono wa tremolo uwe mgumu, na kama hata huutumii, weka zote 5, kaza briji ilale kwenye mwili kabisa na uachane nayo.

HATUA YA 6: NONDO YA SHINGO

Sasa pima upinde tena kama hatua ya 1. Karibu kila mara utakuta umeongezeka, shingo imekunjwa mbele na zile kilo mpya, na katikati ya shingo nyuzi zimekuwa juu kama kamba za kuanikia nguo. Usikimbilie kushusha briji, hilo ndo kosa la kawaida, ukishusha briji wakati shingo imepinda utapata mlio wa kukwaruza kwenye freti za juu na bado katikati pako juu.

Nondo inakazwa kwa kufuata mshale wa saa, ukiwa unaangalia kichwa chake. Ukikaza shingo inanyooka, ukilegeza inapinda zaidi. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kukaza, geuza robo mzunguko isizidi, mimi nafanya hata nusu ya robo, tyuni tena, pima tena. Mbao ni kitu hai, haijibu yote mara moja, kwa hiyo ukifika karibu iache ilale usiku halafu upime asubuhi. Ikiwa ngumu kugeuka kuliko kawaida, au unasikia mlio wa kukatika katika, simama hapo hapo upeleke kwa fundi. Nondo iliyokatika ni gharama kuliko kila kitu kingine kwenye huu mwongozo.

Kama upinde haujabadilika, usiguse. Kuna shingo ngumu ambazo 10 kwenda 11 hazioni.

HATUA YA 7: KIMO, HALAFU INTONESHENI, KWA MPANGILIO HUO

Kimo kinapimwa juu ya freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi. Uzi wa sita milimita 2 na wa kwanza 1.6 ni mahali pazuri pa kuanzia. Raha ya nyuzi zilizokaza ni kwamba zinatikisika kwa nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo unaweza kukuta unashuka chini kuliko ulivyokuwa na 9 bila mkwaruzo, ila mkono mzito usiwe na tamaa.

Intonesheni ni uzi kubaki kwenye tyuni hata ukibonyezwa juu kwenye shingo. Piga hamoniki (gusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) juu ya freti ya 12 halafu bonyeza freti hiyo hiyo kawaida, linganisha kwenye tyuna. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha sadeli (kile kipande cha briji ambacho uzi unakalia) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Na kwa nyuzi nene jiandae karibu zote kurudi nyuma kidogo, kwa sababu uzi mnene ni mgumu kupinda pale kwenye ncha zake, kwa hiyo ile sehemu inayotikisika kweli ni fupi kuliko unavyoona. Bonyeza kwa nguvu yako ya kawaida ya kupigia, siyo ya kupimia, maana kuna watu wanabonyeza kama daktari halafu wakipiga wanabonyeza kama wanaua mende.

Uzi wa tatu ndo utakusumbua. Kwenye seti za 11 ni waya mtupu wa 18, kwenye nyingine nene zaidi unafika 20, na waya mtupu wa unene huo hauna adabu, intonesheni yake inakataa, sadeli inafika mwisho na bado iko juu. Suluhisho lake ni uzi wa tatu wa kuzungushwa, ambao seti nyingi za 12 huja nao, sauti inatulia kabisa na kodi zinakuwa safi, ila kuuvuta kwa solo ni shida, unavuta wee hata toni nzima haifiki. Wapigaji wa jazi hawajali hilo kwa sababu hawavuti. Chagua wewe, kodi safi au kuvuta. Ukibadilisha aina ya uzi wa tatu intonesheni yake ifanye upya kabisa, wa kuzungushwa unataka sadeli mbele zaidi.

HATUA YA 8: PIKAPU

Pikapu ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Chuma kingi juu ya sumaku ni mawimbi makubwa zaidi, sauti itatoka kubwa na upande wa besi unaweza kuwa na tope. Bonyeza freti ya mwisho, pima kutoka pikapu mpaka uzi, milimita 2 mpaka 3 panatosha, upande wa besi chini zaidi ya upande wa nyuzi nyembamba. Ukiwa na pikapu za koili moja zilizopanda sana sumaku zinaukamata uzi, unasikia sauti inapepesuka kama noti mbili hazipatani hasa freti za juu, utadhani intonesheni imeharibika kumbe ni pikapu tu, shusha.

Watu wa distosheni nyingi (sauti ya kukoroma), ukikuta kodi zimekuwa uji baada ya kuweka nyuzi nene, shusha pikapu na punguza besi kwenye ampu kabla hujalaumu nyuzi.

VIDOLE

Wiki ya kwanza utaona umesahau kupiga. Ni kawaida. Umbali wa kuvuta uzi ili sauti ipande ni ule ule karibu, kilichoongezeka ni nguvu, kwa hiyo acha kuvuta kwa kidole kimoja, panga vidole vitatu nyuma ya uzi na uzungushe kifundo cha mkono kama unafungua kitasa cha mlango. Piga dakika 20, pumzika, rudi. Ncha za vidole kuuma ni sawa, zitaota sugu. Ila ganzi, au maumivu yanayopanda kwenye kifundo au kiwiko, hiyo siyo sugu, weka gitaa chini siku kadhaa, na ikirudi tena ukirudia shuka ngazi moja bila aibu. Piki (kile kidude cha kupigia nyuzi) nayo jaribu nene kidogo, piki laini kwenye nyuzi nene inapinda yenyewe kabla uzi haujasogea.

BAADA YA WIKI

Pima vyote tena, upinde, kimo, intonesheni, kwa mpangilio ule ule, shingo itakuwa imeshusha mabega. Ukisikia mkwaruzo freti ya 1 mpaka ya 5 tu, shingo imenyooka sana, legeza nondo kidogo. Ukisikia kuanzia freti ya 12 kwenda juu, pandisha briji kidogo. Ukisikia uzi mmoja tu ukipigwa wazi na ukibonyeza popote unanyamaza, hiyo ni nati.

Na siku ukiamua kurudi 9 au 10 kazi ni hii hii kwa kurudi nyuma, legeza nondo, legeza springi na kipande cha mbao safari hii kikae upande wa springi, sadeli mbele. Kitu kimoja tu hakirudi, ile mifereji ya nati uliyoipanua, uzi mwembamba unaweza kucheza ndani yake na kulia kama sitari. Ndo maana mimi sasa kabla ya kugusa nati natafuta nyingine ya saizi hiyo hiyo, nachonga ile mpya, na ya zamani nimeibandika selotepu ndani ya kesi ya gitaa pamoja na kile kikaratasi cha vipimo.